Oda ya Wambui Bado Haijafungwa

Wadogo zangu mnaobaki ofisini, mmeniomba niandike mambo machache ya kazi hii kabla sijarudisha funguo. Nadhani mlitaka orodha: duka gani lina jinzi ya kuaminika, nani hudanganya upana wa jora, mlango gani wa soko hauna msongamano wa pikipiki za mizigo. Hayo mtayajua wenyewe kwa kuumia, kama nilivyoyajua mimi. Nitaandika ninavyokumbuka, na mtanivumilia pale nitakapojisifu. Haitakuwa mara nyingi.

Desturi ya ofisi yetu ni kwamba wakala anayeondoka hufunga oda zake zote. Nimezifunga zote isipokuwa moja. Ni ya Wambui Farasi, yule mwimbaji wa kantri mnayemjua nyinyi kwa simu zenu na mimi namjua tangu hajamiliki kofia. Sampuli ya oda hiyo ni kipande cha kitambaa kidogo kuliko kiganja changu, na kimelala kwenye daftari langu kwa miaka saba. Ili kueleza kwa nini sijaifunga, itabidi nianzie mbali kidogo.

Nilikuja Guangzhou kusomea uhandisi wa nguo. Mimi ni mtu wa Voi, na niliwaaga watu wa kwetu kama anayekwenda kuleta moto. Baada ya miaka minne nilijua kila kitu kuhusu uzi isipokuwa jinsi ya kuununua. Nilikuwa na shahada yenye muhuri mwekundu mkubwa kama chapati, na sikuwa na kazi. Hapo ndipo mfanyabiashara mmoja wa Mombasa, Bwana Salim, aliponikuta kituo cha treni ya chini ya ardhi nikimsomea mama mmoja ramani, akaniuliza kama naweza kwenda naye soko la vitambaa la Zhongda kumnunulia kitambaa cha sare za shule. Alitaka kijani.

Siku hiyo ya kwanza nilijionyesha kupita kiasi. Nilikivuta kitambaa huku na huku, nikakinusa, nikachomoa uzi nikauchoma kwa kiberiti na kuueleza moshi wake kwa maneno ya darasani. Mwenye duka alinitazama kama mtu anayetazama sarakasi. Nikamwambia Bwana Salim kuwa mzigo ni mzuri. Ulipofika Mombasa, alinipigia simu.

"Mwanangu, nilikuomba kijani."

"Ndiyo, Bwana Salim."

"Basi hawa watoto wataenda shule wamevaa tope."

"Lakini dukani kilikuwa kijani, Bwana Salim. Nilikiona kwa macho yangu."

"Basi na shule ihamie dukani."

Nilirudi sokoni kugombana. Nilikuwa katikati ya sentensi yangu ya tatu, ambayo nilikuwa nimeitunga usiku kucha kwa Kichina safi kabisa, mwanamke wa duka la jirani alipotoka, akanipokonya kitambaa, akanishika mkono kama mtoto aliyepotea na kunishusha ngazi mpaka barabarani. Akakitandaza juu ya mzigo wa mtu, kwenye jua.

"Rangi gani?" akauliza.

"Kahawia."

"Umesomea vitambaa miaka mingapi?"

"Minne."

"Darasa lenu halikuwa na dirisha?"

Huyo ndiye Ayi Liang. Ayi ni kama kusema shangazi au mama mdogo, na sijawahi kumwita vinginevyo. Jina langu, Wakesho, alilijaribu mara moja, akaona linamchelewesha, akaniita Mdogo wangu. Kwa miaka ishirini na sita nimejifunza kazi kwenye kiti kifupi cha plastiki mbele ya duka lake, na chochote mlichosikia nakijua, mjue kilitoka pale.

Mambo aliyonifundisha ni mengi lakini mawili ndiyo yanayobeba mengine. La kwanza: usikubali rangi chini ya taa ya duka. Taa ya duka ni mshirika wa muuzaji. Chukua kitambaa, shuka ngazi, kitazame nje, hata kama ni majira yale ya unyevu kuta zinapotoka jasho na jua lenyewe linaonekana kama limefunikwa na taulo.

La pili ni mkasi. Ayi alinipa mkasi wa meno, ule unaokata kwa kupindapinda ili kitambaa kisifumuke, akanifundisha sheria ambayo mimi nimewafundisha nyinyi. Mteja akileta kipande cha rangi anayotaka, kikate katikati papo hapo, kabla maneno hayajawa mengi. Nusu yake, nusu yako. Kila nusu inabandikwa kwenye kadi, nanyi wawili mnasaini kadi zote mbili. Mzigo ukifika, nusu zinakutanishwa: meno yakiingiana, hakuna aliyebadilisha sampuli njiani. Mnaziweka juu ya mzigo, nje, mchana. Mteja akisema ni sawa, unatupa nusu yako na oda imefungwa. Asiposema, unaitunza nusu hiyo hata iote ukungu.

Nimekata vipande vingi sana. Wateja walikuja kuniita Dada Mkasi, na wengine sidhani walijua nina jina jingine. Ikafika mahali mkono ulikuwa unakata wenyewe, bila kuniuliza. Nilijivunia jambo hilo. Likumbukeni.

Wambui alifika mara ya kwanza akitokea soko la Gikomba, Nairobi, ametumwa na wanawake sita waliouza jinzi za watoto. Alichaguliwa, alivyonieleza mwenyewe, kwa sababu wengine walikuwa na watoto wachanga au waliogopa ndege. Alitoka uwanja wa ndege wa Baiyun kwa treni, begi moja tupu mkononi na gitaa mgongoni. Nimepokea wateja waliokuja na jiko la mkaa, na mmoja aliyekuja na mto wake wa kulalia, lakini gitaa lilikuwa jipya kwangu.

"Gitaa la nini tena?"

"Linanisaidia kungoja, Dada."

Nikacheka, lakini alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Kazi hii ni kungoja. Unangoja laoban, yaani bosi wa duka, amalize kula. Unangoja rangi ikauke. Unangoja kontena, unangoja simu, unangoja mvua iishe. Wengine tulingoja kwa kulalamika. Wambui alikaa juu ya jora la jinzi, akaweka mguu mmoja juu ya mwingine na kuimba polepole, na baada ya muda kidogo Ayi Liang akanyoosha mkono na kuzima redio yake. Redio ile sikuwahi kuiona imezimwa.

"Anaimba kama mtu anayepima kitambaa cha bei," Ayi aliniambia. "Hapotezi hata inchi."

Hadithi yake alinisimulia kwa vipande, juu ya sahani za wali, na nawapa kama nilivyoipata. Alizaliwa Molo, kule kwenye baridi, kwenye shamba la viazi ambalo halikuwa lao. Mama yake alichimba viazi vya watu na mara nyingi alilipwa kwa viazi. Walivila asubuhi na jioni, wakalala juu ya magunia yake. Jirani alikuwa na redio iliyopiga nyimbo za kantri za Wamarekani kila Jumapili, na Wambui mdogo aliamini kabisa kwamba waimbaji hao wanakaa nyuma ya kilima, kwa sababu waliimba baridi, malori na mama zao. Farasi na treni tu ndivyo vilivyomtatiza, maana nyuma ya kilima hakuwahi kuviona.

Gitaa lake la kwanza alilitengeneza kwa debe la mafuta ya kupikia, na nyaya akazitoa kwenye breki za baiskeli iliyokufa. Mama yake alimtazama siku mbili akilikumbatia kifuani. Siku ya tatu alichukua mkasi, akakata kipande cha nyuma cha shati lake la shambani, shati la mirabaraba, akakikunja mara mbili, akakishona kikawa mkanda.

"Unajua alisema nini?" Wambui aliniambia. "Alisema, mtoto wangu hawezi kushika muziki kama ameshika kuku wa kuiba."

"Na shati?"

"Alilivaa hivyo hivyo. Upepo ukipita anasema, sasa nina dirisha."

Aliposikia natoka Voi alishika mikono yangu yote miwili. Alikuwa ameimba treni tangu utotoni na hajawahi kupanda. Treni ikoje? Nikamwambia ni kelele, na kwamba aliyekulia karibu na stesheni haimbi kuihusu, anaziba masikio. Alinitazama kwa huruma ambayo sijaisahau.

Kwa kuwa nilikuwa nimesoma, nilimshauri. Hii ndiyo sehemu ambayo ningependa kuiruka, lakini Ayi Liang bado yuko hai na atawaambia. Nilimwambia Wambui aachane na gitaa. Nilisema dunia ina magitaa ya kutosha, na kwamba jinzi zitamlisha. Alipokuja safari ya nne au ya tano aliniimbia wimbo mpya, Kilo Ishirini na Tatu, wa mwanamke aliyepiga magoti mbele ya mizani pale Baiyun akipunguza begi lililozidi uzito. Anatoa viatu vyake. Anatoa sufuria. Anatoa koti lake, analivaa. Anatoa la pili, analivaa juu ya la kwanza. Gauni la mtoto halitoi. Nikamsikiliza mpaka mwisho, nikasafisha koo kama mhadhiri.

"Sauti ni nzuri," nilisema. "Lakini huu uutoe. Hakuna anayelia kwa sababu ya mizigo."

Jumapili iliyofuata, mchana, aliuimba katika mgahawa mmoja wa barabara ya Huanshi Zhonglu. Palikuwa na wanafunzi wetu waliotoka ibadani, wafanyabiashara wa Nairobi na Mombasa, na Wakongo wawili waliokuja kwa ajili ya samaki tu. Alipofika kwenye koti la pili, vijiko viliacha kugonga sahani. Mimi mwenyewe nikatazama pembeni nikaona Bwana Salim, yule wa sare za tope, ameinamisha kichwa anajifuta kwa kitambaa cha meza. Hakuna mtu mle ndani ambaye hajawahi kupiga magoti kwenye sakafu ile, begi liko wazi mbele ya wageni, akichagua nini kibaki. Wanafunzi walikuwa wameinua simu. Sijui kama ilichukua wiki moja au mbili. Najua tu kwamba dada yangu alinipigia kutoka Voi kuniuliza kama nimeusikia wimbo wa mizigo.

Umaarufu wake siwezi kuueleza, sikuwa ndani yake. Nilichokiona ni kwamba alianza kuja na begi lenye magurudumu manne, kisha akaja na kofia pana iliyohitaji kiti chake, kisha hakuja kabisa. Watu walimpa jina la Farasi, na hadi leo hajampanda farasi. Mama yake aliusikia wimbo kwenye simu ya jirani. Aliusikiliza, akasema ni mzuri lakini hakuna viazi. Alifariki kabla mvua za mwaka huo hazijaisha.

Mwaka uliofuata Wambui alirudi Zhongda. Hakuwa na kofia. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, Ayi akaenda kumletea chai, naye akatoa mfukoni kikopo kidogo cha bati, kile cha kuwekea nyuzi za gitaa, akakifungua. Ndani palikuwa na kipande cha kitambaa. Mkanda ulikuwa umelika miaka mingi, ukaisha mwisho mmoja na mwingine, na hicho ndicho kilichobaki: kinene, kimekunjwa na kushonwa, cha rangi ya jivu lenye mistari ya jivu zaidi.

"Naimba Nakuru mwezi wa nane," alisema. "Uwanjani. Mara ya kwanza nyumbani, Dada. Watu waliochimba viazi na Mama watakuja. Nimeapa sipandi kwenye lile jukwaa kama sijavaa nguo yake. Nataka koti la kitambaa hiki. Hicho ndicho tu kilichobaki cha Mama."

Akakiweka mbele yangu, akageuka kupokea chai.

Wadogo zangu, nimejaribu mara nyingi kukumbuka nilikuwa nafikiria nini. Sikuwa nafikiria. Mteja ameweka sampuli mezani, mkasi uko mkononi. Nilichosikia ni sauti, ile sauti ya meno, na ilikuwa sauti ya kawaida kabisa.

Wambui aligeuka na kikombe. Vipande vilikuwa viwili.

"Umefanya nini?"

"Nusu yako," nilisema, na Mungu anisamehe, nilikuwa tayari nimechukua kadi, "na nusu ya..."

"Dada. Umefanya nini?"

Aliweka kikombe chini taratibu sana. Akachukua nusu iliyokuwa karibu naye, akaifunga ndani ya ngumi, akashuka ngazi. Nilibaki na nusu nyingine, kadi, na kalamu niliyokuwa nimemnyooshea asaini. Ayi hakuwa ameelewa Kiswahili chetu, lakini alikuwa ameelewa yote.

"Mkono wako umeanza kufanya kazi bila kichwa," alisema. "Kosa ni langu. Niliusifu mno."

Mimi nikiwa katika shida najua jambo moja tu la kufanya. Nilichukua ile nusu, nikashuka nayo barabarani, nikaitazama juani. Sikuwa na sababu. Nadhani nilitaka kuona ukubwa wa uharibifu kwa mwanga wa kuaminika.

Mkanda ule ulikuwa umekunjwa mara mbili na kushonwa pembeni, kwa hiyo mkasi wangu ulikuwa umeufungua kama anavyofunguliwa samaki. Ndani ya mkunjo, upande uliokuwa wa ndani ya shati, mahali ambapo jua la Molo halikuingia hata siku moja, palikuwa na kijani. Kijani kikali, cha majani ya viazi mvua ikishapita, na kati yake mistari ya chungwa iliyokuwa inawaka. Nimeona vitambaa vingi maishani mwangu. Sijui kingine kilichonifanya nikae chini.

Wambui alikuwa hatua chache tu, ameketi juu ya jora la mtu asiyemjua, watu wa mizigo wakimpigia kelele apishe na yeye hasikii. Nilimsogelea nikampa kile kipande, nimekifungua kwa vidole viwili. Akakitazama muda mrefu.

"Hii ni nini?"

"Ndani ya mkunjo."

"Mama hakuwa na shati la rangi hii."

"Alikuwa nalo. Wewe umezaliwa limeshachujuka."

Alikifunika kwa kidole, akakifunua. Akakifunika tena.

"Kumbe Mama alipenda rangi?" Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeambiwa habari za mgeni. "Wee, Dada. Miaka yote hii nimemwimba wa kijivu."

Nikakaa karibu naye. Mwenye jora akaja, akatutazama, akaenda kutafuta kazi nyingine ya kufanya.

"Bado nimekukasirikia," Wambui alisema baadaye.

"Najua."

"Usifikiri hii rangi imekuokoa."

"Sifikiri."

"Na ile kalamu. Dada, ulininyooshea kalamu!"

"Nilikunyooshea."

Hapo akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, na mimi sikujua nifuate lipi.

Sasa tulikuwa na rangi mbili na koti moja. Mimi nilidhani atachagua kijani, maana jukwaa hupenda kijani. Alilala nalo jambo hilo siku mbili. Siku ya tatu alikuja akasema, "Nje awe Mama ninayemjua. Ndani awe yule nisiyemjua." Kisha akanirudishia nusu yangu, akaomba kadi, akasaini zote mbili bila kunitazama, kama sheria inavyotaka.

Ile ndiyo oda ngumu kuliko zote nilizoshika. Ayi na mimi tulizunguka Zhongda mpaka visigino vikaomba radhi. Kila duka lilitujibu mei you, hakuna, kabla hatujamaliza kuuliza. Mwishowe Ayi alikumbuka ghala la binamu yake, na huko, chini ya majora ya mapazia ambayo hakuna aliyeyataka, tukapata mirabaraba ya kijani na chungwa iliyokaribia sana ile ya ndani. Bitana tulikuwa nayo. Lakini kitambaa cha nje, kilichochujuka namna ile, hakiuzwi popote. Nani auze uzee?

Nikapendekeza dawa ya kupausha. Ayi aliniangalia kama siku ile ya kwanza. "Dawa inaua uzi," alisema. "Yule mama alitumia dawa?" Kwa hiyo tulikata nusu ya lile jora, tukapanda nayo juu ya paa la nyumba yake, tukaianika. Tuliilowesha kila asubuhi, tukaisugua kwa sabuni ya kipande, tukaianika tena, siku arobaini. Mvua ikija tunakimbia kuitoa, wanawake wawili wa makamo kwenye ngazi za ghorofa ya tisa, mmoja akiwa na shahada. Wambui alikuwa amesharudi kwao, na kila jioni alinitumia ujumbe wa neno moja: "Imefika?" Nami najibu, "Bado ni kijana." Mpaka siku moja nilishuka na kona yake, nikaiweka juu ya ile nusu yangu, na sikuweza kuzitofautisha. Mzigo huo ulikwenda kwa ndege. Fundi wake wa Nairobi alibaki na siku nne za kushona.

Siku ya onyesho Ayi na mimi tuliegemeza simu kwenye birika la chai. Watu walikuwa wamejaa uwanja, na wengi nadhani walitegemea matamvua na vitu vya kumeta. Alitoka na koti la kijivu, la mkulima, na nyuma alikuwa amemwambia fundi aache sehemu wazi, mraba mdogo. Dirisha. Kisha akainua mkono kuwasalimia, koti likafunguka, na ndani yake kukawaka.

"Mama yangu alipenda rangi," aliwaambia. "Nilichelewa kujua. Niliambiwa na mkasi."

Kisha akaimba ule wimbo wa mizigo, na safari hii mwanamke wa mizani alikuwa na viazi kwenye begi.

Ayi hakuelewa hata neno. "Taa za jukwaa zinadanganya," alisema. "Kijani kimezidi kidogo." Alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya kitambaa kilichokuwa cha kuuza.

Wiki moja baadaye nilimwandikia Wambui kama ninavyomwandikia kila mteja: mzigo uko sawa, nifunge oda? Akajibu: "Bado naikagua, Dada." Mwaka uliofuata nikauliza tena. "Bado naikagua." Nimeuliza mara saba.

Ninaondoka kabla ya umri wa watu kuondoka, na mnajua sababu, ingawa mmekuwa na adabu ya kutoisema. Macho yangu yana mtoto wa jicho. Daktari anasema ni jambo la kurekebishika. Ayi, ambaye siku hizi amemwachia binti yake duka na huja kukaa tu, hakumwamini daktari. Aliniwekea vitambaa viwili, nje, mchana.

"Rangi gani?"

"Nyeusi. Vyote viwili."

Kimoja kilikuwa buluu. Akavikunja. "Nenda nyumbani, Mdogo wangu," alisema, akanimiminia chai.

Juzi nilimpigia Wambui.

"Nastaafu. Sasa ama nifunge oda yako ama niwaachie hawa wadogo zangu."

"Usimwachie mtu."

"Basi sema mzigo uko sawa."

"Nitasemaje kabla ya kukutanisha nusu mbili? Si ndiyo sheria yako?"

"Ndiyo."

"Zinakutanishwa wapi?"

"Nje. Juani."

"Jua la wapi, Dada?"

Nikafungua daftari, nikaigusa ile nusu.

"Lile shati lilichujuka kwenye jua la Molo," alisema. "Leta nusu yako tukaitazame pale pale. Utapanda treni yako ya kelele kutoka Voi mpaka Nairobi, mimi nitakuja kukuchukua stesheni. Nataka niione hiyo treni."

"Wambui, macho yangu hayaoni rangi siku hizi."

"Nitakuambia," alisema.

Kwa hiyo begi langu liko wazi sakafuni ninapoandika haya, na limezidi. Nimetoa viatu. Nimetoa sufuria. Shahada nimeitoa, nikairudisha, nikaitoa. Koti nitalivaa. Nusu ya kitambaa iko kwenye mfuko wa blauzi, na mizani ya Baiyun haitaijua.

Mkasi nimewaachia, uko kwenye msumari karibu na mlango. Unakata vizuri bado. Kabla hamjakata, ulizeni ni cha nani.